Dunge Halina Uzani

Msafiri ashukaye garini upande wa Likoni, akaandamana na umati wa watu wanaoteremka kivukoni kila asubuhi kwenda mjini kutafuta riziki zao, aghalabu hakosi kukutana na mchuuzi wa korosho aliyekaa kando ya njia na sinia lake la vipakiti. Naye, kwa kuwa feri ina desturi yake ya kuchelewa na tumbo lina desturi yake ya kutosubiri, hununua kipakiti kimoja, na kabla chombo hakijagusa ng'ambo ya kisiwani korosho zote zimekwisha kuliwa. Hata robo saa haikutimia. Lakini mti uliozaa korosho hizo ulikaa ardhini miaka mitatu au zaidi kabla ya kutoa ua lake la kwanza. Ua lenyewe lilingoja masika yaishe na pepo za demani zianze. Tunda likangojwa lianguke kwa hiari yake. Na baada ya kuanguka likaanikwa, likapikwa au likachomwa, likapasuliwa, likakaushwa, likamenywa na likachaguliwa, kazi zote hizo ni za mikono ya watu, kabla ya kufika katika sinia la mchuuzi. Sijui chakula kingine cha pwani yetu kinacholiwa kwa haraka namna hii na kupatikana kwa subira namna hiyo, na kwa kadiri nilivyolitazama jambo hili nimeamini kwamba sehemu kubwa ya hasara ya mkulima wa korosho humpata pale ambapo haraka imekalia kiti cha subira, ingawa, kama tutakavyoona, si kila mara haraka hiyo huwa ni kosa lake.

Katika uwanja wa nyumba tuliyokulia palikuwa na mkorosho mmoja mkubwa, uliopinda kama mzee aliyeegemea bakora, na matawi yake ya chini yalikuwa yamelala mchangani kiasi cha kuwa watoto tuliyafanya vitanda. Korosho zake zilichomwa kwa njia iliyokuwa ikijulikana na kila nyumba: debe kuukuu lililotobolewa matundu liliwekwa juu ya mafiga, korosho zikamiminwa, na punde mafuta ya ganda yakashika moto na moshi mweusi ukapanda, nasi tukafukuzwa tukae upande utokako upepo; kisha zilimwagwa chini zikafunikwa mchanga ili moto ufe, zikagongwa kwa jiwe moja baada ya moja. Katika kila kumi, tatu zilikuwa zimeungua, tatu zimevunjika, na zilizosalia ndizo zilizoitwa korosho. Mimi mwenyewe siku moja, kwa pupa ya utoto, niliipasua korosho mbichi kwa meno, na nilikaa juma zima na midomo iliyobabuka. Bibi yangu alinipaka mafuta ya nazi wala hakunionea huruma hata kidogo.

Mti huu si wa kwetu kwa asili. Wareno waliutoa Brazili, katika nchi za kaskazini mashariki ya huko, wakauleta Msumbiji na Goa katika karne ya 16, nao ukaenea katika mwambao wa Afrika Mashariki, ukaupenda mchanga wetu usiopendwa na mimea mingi. Watu wa pwani waliupokea kama walivyoupokea muhogo na mahindi, wakaupa majina yao wenyewe: mkorosho kwa wengi, mkanju au mbibo kwa wengine, tunda lake laini likaitwa bibo au kanju, na ile korosho changa ya kijani, ambayo ganda lake bado ni laini na kiini chake hakijajaa, ikaitwa dunge. Nakuomba, msomaji, ulishike neno hili la mwisho, maana watu ambao lugha yao imetenga jina zima kwa ajili ya korosho isiyofaa kuvunwa, bila shaka waliliona tatizo zamani kuliko mabwana shamba.

Atakayeuliza kwa nini habari za korosho ziandikwe kutoka Mombasa bara, hali mashamba makubwa yako Kilifi, Kwale na Lamu, jawabu lake ni kwamba bara yetu ni milango mitatu ya zao hilo. Korosho za Kwale huingilia Likoni; za Kilifi huteremka kwa njia ya Mtwapa na Kisauni mpaka soko la Kongowea; na Changamwe, penye reli na maghala na barabara ya Nairobi, ndiko zilikopita zile zilizokwenda bandarini Kilindini. Kwa miaka mingi korosho za Afrika Mashariki zilisafirishwa ghafi, yaani na maganda yake, kwenda Bara Hindi, hasa mji wa Kollam katika Kerala, ambako mikono ya wanawake maelfu kwa maelfu ilizibangua, na kutoka huko zikauzwa Ulaya na Marekani kwa bei ambayo mkulima wa Matuga au Kaloleni hakuisikia hata kwa tetesi. Na bara yenyewe haikukosa mashamba: mpaka leo, atembeaye Mtongwe, au Mwakirunge nyuma ya Kisauni, ataona mikorosho iliyobakia baina ya nyumba, mingine imezungukwa na kuta za matofali pande zote nne.

Palikuwa na wakati ilidhaniwa kwamba dawa ya unyonge huu wa mkulima imepatikana. Mwaka 1975 kilianzishwa kiwanda cha Kenya Cashewnuts Limited mjini Kilifi, na kwa miaka takriban 20 wakulima walikuwa na mnunuzi anayejulikana mlango wake. Katika miaka ya 1990 kiwanda kilibinafsishwa, hakikudumu, kikafunga. Na wengi, walipoona korosho hazina pa kwenda, waliishika shoka. Ndugu zetu wa Tanzania walipata msiba mkubwa zaidi kabla yetu: mavuno yao, yaliyofikia tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, yalianguka mpaka tani 16,500 katika msimu wa 1986/87, kwa sababu watu walihamishwa wakawa mbali na mikorosho yao, bei ikawa duni, na maradhi mapya yakaingia mashambani. Lakini wao waliinuka. Kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara, kilishika kazi ya kuchagua miti bora na kupigana na maradhi, na kufikia msimu wa 2017/18 mavuno yalikuwa yamepita tani 300,000. Nami nasema bila haya kwamba katika elimu ya mkorosho, Mtwara ni mwalimu wetu.

Elimu yenyewe ni ipi? Mwanzo wake ni kuacha kuamini kwamba mtoto wa mti mwema ni mti mwema. Kichala kimoja cha mkorosho kina maua madume na maua yenye jinsi mbili, na wadudu huchukua chavua kutoka mti huu hadi mti ule bila kuuliza nasaba. Kwa hivyo mbegu iliyookotwa chini ya mti uzaao gunia zima yaweza ikaota mti usiozaa hata pishi moja. Mkulima aliyepanda mbegu hiyo hatalijua kosa lake mpaka miaka minne au mitano ipite, na hapo atasema ardhi imechoka, au jicho la hasidi limempata.

Dawa yake ni kubebesha. Mche huoteshwa katika mfuko, kwa mbegu iliyojaribiwa kwanza katika maji, ile inayozama ikachukuliwa na ile inayoelea ikatupwa. Na mche huo ufikapo umri wa wiki sita hadi nane hukatwa kichwa, shina lake likapasuliwa kidogo katikati kwa kisu kikali kilicho safi. Kikonyo, yaani kile kijiti cha kupandikizwa, huchukuliwa katika mti uliothibitika kuzaa sana, wenye korosho nzito na usioshambuliwa upesi na maradhi. Tawi lake huwa limepunguzwa majani siku saba hadi kumi kabla, ili macho yake yafure na yawe tayari kuchipua. Hapo kikonyo huchongwa mfano wa kabari, kikaingizwa katika ufa wa shina, kikafungwa kwa utepe wa plastiki barabara, na mche ukawekwa kivulini. Ustadi wote umo katika unene wa shina na kikonyo kulingana, na katika kisu kutotetema. Mti uliobebeshwa huanza kuzaa katika mwaka wa pili au wa tatu, na huzaa kile kile alichozaa mama yake. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO huko Mtwapa, ambacho kwa mtu wa Shanzu ni kuvuka daraja tu, hushughulikia miche ya namna hii, na ni ajabu kwamba wapo watu wa Kisauni wanaokwenda Mtwapa kila juma kwa harusi na matanga lakini hawajawahi kuingia lango la kituo hicho.

Na mwenye mikorosho mizee hana haja ya kuing'oa. Mti mkongwe hukatwa shina kimo cha nusu mita au mita moja kutoka ardhini, mwanzo wa msimu wa mvua. Machipukizi mengi hutokea chini ya jeraha, yakachaguliwa machache yenye afya, na juu ya hayo vikabebeshwa vikonyo vya mti bora. Mizizi ya babu ikawalisha wajukuu wa ukoo mwingine. Nimeona mtu mmoja wa bara akiifanya kazi hii huku majirani wakimsikitikia kwamba ameukata mti wa marehemu baba yake, na hakujibu neno.

Kosa jingine lililoenea ni la kusongamanisha miti. Mkorosho huzaa nje, penye jua, si ndani penye kivuli; matawi ya miti miwili yakigusana, sehemu zinazogusana huacha kuzaa, na shamba lililofungamana kama msitu huwa zuri kwa macho na tupu kwa gunia. Nafasi ya mita 12 kwa 12, ambayo hutia miti 28 hivi katika ekari, humtisha mwenye shamba dogo akidhani ardhi yake inapotea. Lakini katika miaka ya mwanzo nafasi hiyo yaweza kupandwa kunde, pojo, njugu, muhogo au mananasi, nayo palizi ya mimea hiyo ikawa ndiyo palizi ya mikorosho. Aliyekwisha kusongamanisha, hana budi kuipunguza. Nusu ya miti yake itakayosalia huenda ikamzalia zaidi ya yote aliyokuwa nayo, na hesabu hii, ingawa ni ya kweli, sijamwona mtu aliyeikubali mara ya kwanza.

Sasa tuje kwenye maradhi. Wazee wetu walihesabu mwaka kwa Nairuzi na miongo yake ya siku kumi kumi, wakijua mwongo upi ni wa kupanda na upi wa kungoja, na baada ya Siku ya Mwaka kupita, ubaridi wa kusi ukianza kulegea, ndipo mikorosho ya pwani hii hujiandaa kuchanua. Wakati huo huo, asubuhi za mawingu na umande, huja ukungu uitwao ubwiri unga, ambao hulivika ua vumbi jeupe kama lililonyunyiziwa unga wa ngano, na ua hilo hunyauka lisitoe kitu. Tanzania iliuona rasmi mara ya kwanza mwaka 1979. Watu hukimbilia salfa, na salfa kweli yafaa ikipulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yakingali na umande wa kuishika, tena ikirudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu maadamu mti ungali katika maua. Lakini iko kazi ya bure ambayo hufanywa na wachache: kabla ya maua, kuingia chini ya mti na kuondoa machipukizi yote ya ndani yaliyoota kivulini, kwa sababu huko ndiko ukungu huo hujificha kutoka msimu hadi msimu. Panga na asubuhi mbili za kazi hupunguza gharama ya salfa, ambayo licha ya bei yake huacha ardhi na uchachu ikitumiwa miaka mingi bila kiasi.

Adui wa pili ni mdudu aitwaye mbu wa mikorosho, ingawa si mbu; hufyonza maji ya machipukizi machanga na vichala, penye kidonda pakawa peusi na pakafa. Na hapa ndipo nipendapo kukaa kidogo, maana dawa yake moja ni kitu ambacho kila mtoto wa pwani aliyewahi kuparaga mwembe anakijua kwa maumivu: wale chungu wekundu waitwao maji moto, washonao majani ya mti kwa nyuzi za hariri ya mabuu yao wakafanya nyumba, na wakamshukia kila agusaye tawi. Katika miaka ya 1950 mtaalamu mmoja Mwingereza, M. J. Way, aliwachunguza chungu hawa Unguja, akaonyesha kwamba mnazi wenye maji moto wengi hausumbuliwi na mdudu aliyekuwa akifyonza nazi changa na kuzidondosha. Na mdudu huyo akatiwa jina lake katika elimu ya wadudu, heshima ambayo sijui kama binadamu mwingine angeitamani. Mdudu yule yule huishambulia mikorosho pia, na utafiti uliofuata, Tanzania na Afrika Magharibi, umethibitisha kwamba maji moto humfukuza yeye na mbu wa mikorosho pamoja. Wako wakulima wanaofunga kamba kutoka mti hadi mti ili chungu wapite, na kuwakinga na wale chungu wadogo wa ardhini wanaowaonea na kuwafukuza. Basi mwenye mikorosho anayepulizia dawa ya kuua maji moto, kwa kuwa wanawauma waokotaji wake, humfukuza askari kwa sababu ana sauti kali.

Nimekuomba ulishike neno dunge. Hikima ya kuumbwa kwa tunda hili ni kwamba korosho hukua kwanza, ikafikia ukubwa wake kamili na hata kuupita, hali bibo lingali dogo kama kikonyo. Kisha korosho huanza kukauka, kusinyaa kidogo na kuwa ngumu, na ndipo bibo likafura kwa haraka, likawa jekundu au la manjano, likaanguka. Kwa hivyo aonaye korosho kubwa ya kijani mtini na kudhani imekamilika, amedanganywa na macho yake: ndani kuna maji zaidi kuliko kiini. Akiiangua, itasinyaa juani, itaota ukungu guniani, na ikibanguliwa itatoa kitu kilichokunjamana kisichouzika. Njia iliyo sahihi ni kuacha ianguke, kuokota kila siku au kila baada ya siku moja, kuitenga na bibo kwa kuizungusha bila kuacha nyama juu yake, kuianika siku mbili tatu juu ya mkeka au sakafu safi na kuigeuza mara kwa mara, mpaka zikitikiswa mkononi zilie kama kokoto. Kisha kuzitia katika magunia ya katani yanayopumua, wala si mifuko ya plastiki, na kuyapandisha magunia hayo juu ya mbao, mbali na ukuta.

Hakuna mkulima asiyejua haya. Kwa nini basi dunge huanguliwa? Kwa sababu mwezi wa kufungua shule hauifuati ratiba ya mti, na kwa sababu mwizi wa usiku hasubiri bibo liwe jekundu. Na zaidi ya yote kwa sababu dalali hufika maua yangali mtini, akatoa fedha taslimu, na mti ukawa umekwisha kuuzwa kabla haujazaa. Kusini mwa Tanzania biashara ya namna hii, ya kununua kwa vipimo vya mnunuzi mwenyewe na kabla ya wakati, huitwa kangomba. Kwetu haina jina maalumu, lakini haikukosa watu. Fikihi inayosomwa katika madarasa yetu tangu utotoni inakataza kuuza matunda yaliyo mtini kabla ya kudhihiri kuiva kwake, na sababu wanayoieleza wanavyuoni ni hii hii: kwamba tunda laweza likapatwa na afa, na mmoja wa wawili, muuzaji au mnunuzi, akala mali ya mwenziwe bila haki. Yaonekana tunaisoma sheria hiyo kwa habari ya tende za Madina, na tukitoka madarasani tunauza mikorosho ya Kwale ikingali na maua.

Tuseme sasa korosho imekomaa na imekauka. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa kilo moja ya viini, na thamani ya kilo hiyo inategemea jambo moja: ni vingapi vilivyotoka vizima. Wafanyabiashara wa dunia huvipanga kwa hesabu ya viini vizima vyeupe vinavyoingia katika ratili moja; kile kiitwacho W180 ni kikubwa, mia na themanini kwa ratili, nacho ni adimu na ghali; W320 ndicho kiendacho kwa wingi; na vilivyovunjika nusu au vipande huuzwa kwa wapika mikate na watengeneza peremende kwa bei iliyo chini sana. Basi kazi yote ya kiwanda ni kumtoa mfungwa gerezani bila kumvunja mkono.

Gereza hilo ni ganda lenye kuta mbili, na baina yake mfano wa sega la nyuki lililojaa mafuta yale yaliyonibabua midomo. Badala ya kuyachoma kwa moto kama tulivyofanya katika debe, njia iliyo bora siku hizi ni mvuke: korosho huwekwa katika chombo cha mvuke kadiri ya nusu saa, zikaachwa zipoe usiku kucha, na hapo ganda huwa limekakamaa hali kiini kikingali laini kiasi cha kustahimili pigo. Mbanguaji hukaa mbele ya mashine ndogo ya visu viwili inayoendeshwa kwa mkono na mguu. Mguu hukaza visu juu ya ganda, mkono huzungusha, ganda likafunguka pande mbili. Mikono hupakwa mafuta ya kula au jivu, la sivyo ngozi huchubuka kwa siku moja. Kisha viini, vikiwa vingali na ngozi yao ya kahawia, huingizwa katika joko la hewa moto la kadiri ya nyuzi 70 kwa saa sita hadi nane, vikasinyaa kidogo kuachana na ngozi, na vidole vikaimenya kwa kuisugua tu. Aliyekosa uvumilivu wa joko humenya kwa ncha ya kisu, na ncha ya kisu hutia jeraha katika kila kiini, na kila jeraha hushusha daraja. Baada ya hapo ni kuchagua, kurudishia unyevu kidogo visiwe vya kuvunjika, na kufunga pasipo hewa.

Mashine za namna hiyo si kubwa. Chumba kimoja cha Likoni au Mikindani, pipa la mvuke, mashine nne za kubangua, joko na meza ya kuchagulia, vyaweza kuwatosha wanawake kumi wa chama kimoja, na mtaji wake hauzidi ule ambao vyama vyetu huzungushana kila mwezi na kununulia sufuria. Hata ganda si la kutupwa: takriban robo ya uzito wake ni mafuta, nayo huingia katika rangi, vanishi na breki za magari, na huko Bara Hindi wavuvi tangu zamani walipaka mafuta hayo katika mashua zao dhidi ya kuoza, kama wetu walivyopaka sifa ya papa. Na ganda lililokamuliwa ni kuni za kuchemshia mvuke wa kesho.

Habari ya mabibo sipendi kuipita. Bibo lina uzito mara nyingi kuliko korosho yake, lina vitamini C kupita chungwa, na karibu yote huoza chini ya mti, kwa kuwa haliwezi kukaa zaidi ya siku moja na lina ule ukakasi unaokaba koo. Ukakasi huo huondoka: maji ya bibo yakichanganywa na uji mwepesi wa mchele au wanga wa muhogo, ukakasi hushikana na wanga ukazama chini, na juu yakabaki maji safi, yakachemshwa na sukari kidogo yakawa sharubati. Mkulima aliye mbali Magarini au Lunga Lunga hawezi kulifikisha bibo sokoni likiwa zima. Lakini wa Mwakirunge yuko mwendo mfupi kutoka Kongowea, na wa Mtongwe yuko kivuko kimoja tu kutoka mji wenye kiu na barafu. Kwa hivyo katika jambo hili mikorosho michache ya Mombasa bara ina bahati ambayo maelfu ya Kilifi haina. Wahenga wengine walilitengenezea bibo kazi isiyofaa kutajwa mbele ya watu wa heshima, maana maji yake huchacha kwa saa chache tu. Na hilo, nadhani, ndilo lililolitia bibo jina baya katika nyumba nyingi za bara.

Serikali, kwa upande wake, ilipiga marufuku mnamo Juni 2009 kusafirisha nje korosho ghafi, na sheria ya kilimo ya 2013 ikaithibitisha amri hiyo, kusudi ubanguaji ufanyike nchini. Nia ni njema, nami siipingi. Lakini aliyemfungia mkulima mlango wa bandarini bila kuhakikisha kwamba wabanguaji wa ndani ni wengi na wanashindana, amempunguzia wanunuzi, na mwenye mnunuzi mmoja hana bei, ana zawadi. Viwanda vidogo vingi vya mitaani vingetibu jambo hilo kuliko kiwanda kimoja kikubwa kinachoweza kufungwa kwa barua moja.

Na iko sababu nyingine ya haraka, ambayo bwana shamba haiandiki katika vitabu vyake. Katika Likoni, Kisauni na Changamwe watu wengi wana nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zao, uwanja ni wa mwingine, aliyeandikwa yeye au aliyeandikwa babu yake chini ya sheria ya hati za ardhi ya 1908, nao hulipa kodi ya uwanja kila mwezi. Desturi ya pwani ilikuwa pana kuliko hati hizo, ikamkubalia mtu awe na mti katika ardhi isiyo yake, na minazi mingi na mikorosho mingi iliuzwa, ikarithiwa na ikawekwa rehani bila udongo wake. Lakini desturi hukatwa kwa siku moja na mashine ya kusafishia kiwanja. Mtu apandaye muhogo hutazama miezi. Apandaye mkorosho uliobebeshwa hutazama miaka 30. Na asiyejua kama mwaka ujao atakuwapo, nani atamwomba aingoje korosho ianguke?

Mkorosho ule wa utotoni ungalipo. Nyumba imejengwa upya mara mbili, na mwaka juzi aliyeirithi aliukata mti kimo cha kiuno, nikahuzunika kwa siku kadhaa. Nilipokwenda tena baada ya mvua za vuli niliona machipukizi manne yamefungwa tepe za plastiki nyeupe, matatu yameshika na moja limekauka, na chini yake mchanga umefagiliwa. Mpwa wangu alinionyesha mahali atakapofunga kamba hadi mwembe wa jirani, ili maji moto wapate njia ya kuvukia. Mwenye uwanja, aliniambia, huja tarehe tano ya kila mwezi kuchukua kodi yake, hukaa juu ya kigogo kile kile akihesabu fedha, na mpaka leo hajauliza habari ya mti.